Kufa na kupona katika Go: kutatua fumbo ni kufanya nini hasa?

Machi 2016, mjini Seoul, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilimfunga Lee Sedol wa Korea Kusini michezo 4 kwa 1. Lee alikuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa duniani wa Go, mchezo wa ubao wa watu wawili. Tangu hapo, kila akili mnemba inapozungumzwa, hukosi kumsikia mtu akisema kwamba kompyuta "imeshaumaliza" mchezo huo, imeutatua, na aliyebaki anaucheza anapoteza muda wake.

Si kweli, na kosa lenyewe linafaa kufafanuliwa kwa sababu linatokea hata nje ya mchezo. Watu wanachanganya kucheza vizuri na kujua kwa hakika. AlphaGo ilicheza vizuri kupita binadamu, lakini haikuthibitisha kitu. Mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi kuliko pote ni kwenye mafumbo ya kufa na kupona, ambayo Wajapani huyaita tsumego. Haya ni mazoezi mafupi. Unapewa kona au ukingo wa ubao wenye kete chache, unaambiwa nani anaanza, kisha unaulizwa kama kundi hili linaweza kuuawa au kuokolewa. Kuna yanayomalizwa na mtoto kwa dakika moja, na kuna yaliyowasumbua mabingwa kwa miaka.

Tuanze na msamiati.

Go huchezwa kwenye ubao wenye mistari 19 kwa 19. Kete haziwekwi ndani ya vyumba vya ubao, huwekwa pale mistari inapokatana, na nukta hizo jumla yake ni 361. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, wanaweka moja moja kwa zamu. Kete ikishawekwa haisogei tena. Anayemaliza akiwa na eneo kubwa zaidi ndiye mshindi.

Kete haisogei, lakini inaweza kuliwa. Nukta tupu zinazopakana na kete, juu, chini, kushoto na kulia, nitaziita pumzi zake. Kete iliyo katikati ya ubao ina pumzi 4, ya ukingoni ina 3, ya kona kabisa ina 2. Kete za rangi moja zilizogusana kwa mstari ni mwili mmoja na zinachangia pumzi. Mpinzani akiziba pumzi ya mwisho, kundi zima linatolewa ubaoni. Pembe kwa pembe haihesabiki kuwa kugusana, na wanaoanza hukosea hapo mara nyingi.

Sasa jambo ambalo mchezo mzima umesimama juu yake. Katika kanuni zinazotumika sana, huruhusiwi kuweka kete mahali ambapo haitakuwa na pumzi hata moja, ila tu kama kwa kuiweka hapo unakula kete za mpinzani. Chukua kundi lililozingirwa pande zote, likiwa na nukta moja tupu ndani yake. Nukta hiyo ni jicho. Mpinzani ataziba pumzi zote za nje kwanza, kisha ataweka kete ndani ya jicho, na kwa kuwa ndiyo pumzi ya mwisho, kundi linaliwa. Lakini kundi likiwa na macho mawili yaliyotengana, mpinzani amekwama. Akiingia la kwanza, la pili bado linapumua, kwa hiyo kete yake haina pumzi na haikubaliki. Akijaribu la pili, ni yale yale. Hawezi kuingia yote mawili kwa zamu moja. Kundi hilo haliliwi tena mpaka mchezo uishe.

Kwa hiyo "hai" katika Go maana yake ni kundi lenye macho mawili, au lenye uwezo wa kuyapata hata mpinzani akianza. "Mfu" ni kundi lisiloweza kuyapata hata likipewa zamu ya kwanza. Katikati kuna makundi ambayo hatima yake iko kwa mwenye zamu, na mafumbo mengi hutoka huko.

Hapo yanaanguka madai mawili yanayosikika sana. La kwanza ni kwamba kundi likizingirwa limekufa. Hapana, linaweza kuishi ndani ya mzingiro kwa raha zote, mradi lina macho yake. La pili ni kwamba kundi lenye nafasi kubwa ndani ndilo salama. Nafasi husaidia, ila umbo ndilo linaloamua. Nukta 4 tupu zilizopangwa mstari mmoja ni uhai. Mshambuliaji akichukua moja ya mbili za katikati, mtetezi anachukua ya pili, na macho mawili yanapatikana. Nukta 4 hizo hizo zikiwa mraba wa 2 kwa 2 ni kifo, hata mtetezi akianza, kwa sababu popote atakapoweka kete zinabaki 3 zenye kitovu kimoja, na mshambuliaji anaketi kwenye kitovu. Nukta 3 za mstari zinategemea zamu: anayechukua ya katikati ndiye anayepata anachotaka.

Kuna pia jambo linalowachanganya watazamaji. Kundi lililokufa mara nyingi haliliwi kwa vitendo. Wachezaji wote wawili wanaliona limekufa, wanaliacha lilivyo, wanaenda kupigania kwingine, na mwisho wa mchezo kete zake zinatolewa kwa makubaliano. Mgeni anayetazama huuliza kwa nini hakuna anayekuja kuziokoa au kuzila. Jibu ni kwamba kesi imeshaamuliwa vichwani mwao, na kuongeza kete hapo ni kutupa zamu.

Basi tushike fumbo moja tulipekue hadi mwisho. Hapa chini nyeusi ni ya mtetezi, nyeupe ni ya mshambuliaji. Mstari wa chini ni ukingo wa ubao, na nukta zake zote ni tupu. Nje ya picha mshambuliaji ana nguvu pande zote.

○ ○ ○ ○ ○ ○ ○ ○ ○
○ ● ● ● ● ● ● ● ○
A 1 2 3 4 5 6 7 B

Kete 7 nyeusi zimelala kwenye mstari wa pili. Zamu ni ya mshambuliaji. Je, analiua kundi?

Mwenye macho ya haraka ataona nukta 7 tupu na kusema kundi liko salama, maana hata 4 za mstari zinatosha. Ila angalia miisho: A na B ziko wazi, na nafasi inaweza kupunguzwa kutoka nje.

Mshambuliaji anaweka 1. Mtetezi anamzuia kwa 2. Sasa kete nyeupe ya 1 imebaki na pumzi moja tu, A, na mtetezi akicheza A anaila. Mkono wa anayeanza hukimbilia kuiokoa kwa kucheza A. Hapo ndipo anapoharibu. Mtetezi anashuka 7, ndani zinabaki 3, 4, 5 na 6, yaani nne za mstari zilizofungwa pande zote. Kundi limepona, kwa sababu ya kete moja iliyoonewa huruma.

Jibu ni kuiacha kete hiyo hatarini na kwenda upande wa pili. Mshambuliaji anaweka 7, mtetezi anazuia kwa 6, na zamu inarudi kwa mshambuliaji zikiwa zimebaki 3, 4 na 5. Anaketi 4, katikati. Kwa ndani mtetezi hawezi tena kupata zaidi ya jicho moja.

Lakini subiri. Kete nyeupe za 1 na 7 bado zimeachwa hatarini. Mtetezi anacheza A na kuila ya 1. Hilo si jicho la pili? Linaonekana hivyo kabisa: nukta ya 1 sasa imezungukwa na kete nyeusi. Mshambuliaji anajibu kwa kuweka kete nje ya A, ukingoni. Kete nyeusi ya A sasa pumzi yake ya pekee ni ile nukta ya 1. Mtetezi akiiunganisha kwa kujaza 1, ameziba jicho lake kwa mkono wake mwenyewe. Asipoiunganisha, mshambuliaji anaweka 1 na kuila kete ya A. Hili linaitwa jicho bandia: lina sura ya jicho, lakini mojawapo ya kete zinazolizunguka inaweza kukatwa na kuliwa. Upande wa B mambo ni yale yale. Kundi limekufa.

Tumemaliza? Bado. Wengi hufunga ukurasa hapa wakidhani wamelitatua fumbo, na mimi nasema hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza. Tumemwonyesha mtetezi akicheza hatua moja tu, ile ya kuzuia kwa 2. Nani alimlazimisha?

Tuseme mshambuliaji ameweka 1, na mtetezi hakuzuia. Badala yake ameshuka 7 moja kwa moja, akafunga mwisho wa pili. Sasa tupu ni 2, 3, 4, 5 na 6, na zamu ni ya mshambuliaji. Kwa kuwa muda mfupi uliopita 4 ndiyo iliyoua, mkono unataka 4 tena. Akicheza 4, mtetezi anajibu 5. Angalia alichopata: nukta ya 6 imekuwa jicho kamili kati ya 5 na 7, na kete nyeupe ya 4 imebaki na pumzi moja, 3. Mshambuliaji akiiokoa kwa 3, mtetezi anacheza 2 na kuzila zote mbili, jicho la pili hilo. Asipoiokoa, mtetezi anacheza 3 na kuila. Kundi hai.

Jibu sahihi ni mshambuliaji kuchukua 5 yeye mwenyewe. Nukta iliyomfaa mtetezi ndiyo inayomfaa muuaji, na kanuni hiyo wachezaji wa Go huifundisha mapema sana. Baada ya 5, mtetezi akizuia 2, mshambuliaji anacheza 4 na kukamata nukta mbili za katikati kati ya nne. Akijaribu 4, mshambuliaji anaingia 2 na upande wa kushoto hauna jicho tena. Akicheza 3 au 6, mshambuliaji anaweka 4, anakubali kete zake mbili, za 4 na 5, ziliwe, kisha anatulia na kucheza A kuunganisha ile kete ya 1. Mtetezi amekula kete mbili na amebaki na jicho moja. Kumbuka kwamba ile A iliyokuwa kosa mwanzoni, hapa ndiyo hatua inayofunga hesabu.

Mtetezi angeweza pia kujibu hatua ya kwanza kwa kukimbilia 4, katikati. Hilo ni jepesi: mshambuliaji anaingia 2, upande wa kushoto unafutika, na upande wa kulia pekee hautoshi kwa macho mawili kwa kuwa B iko wazi.

Hatua zake nyingine za kwanza, kama 3, 5 au 6, nakuachia uzipekue kwa njia hii hii, nazo hazimwokoi. Ukizimaliza, tumelitatua. Kundi la kete 7 kwenye mstari wa pili, mbali na kona, linakufa mshambuliaji akianza. Mtetezi akianza yeye, anashuka mwisho mmoja na kupona. Kete 6 hufa hata zikianza, na 8 huishi hata zikichelewa. Wachezaji wanalikariri hilo kama jedwali la kuzidisha, ila anayelikariri bila kulipekua namna hii atapotea siku kundi litakapokuwa na kete moja ya ziada nje.

Ukitazama vizuri kazi tuliyoifanya, utaona haikuwa sawa kwa pande zote mbili. Kwa mshambuliaji tulitafuta hatua moja nzuri kila zamu yake ilipofika. Kwa mtetezi ilitubidi tujibu kila hatua aliyokuwa nayo. Anayedai "kundi hili limekufa" yuko katika hali ya fundi anayetia kalafati kwenye dau: mishono kumi akiiziba vizuri na mmoja akausahau, maji yataingia kwa huo mmoja, na hakuna atakayemsifu kwa ile kumi. Mtetezi yeye anatafuta huo mshono mmoja tu. Dai likigeuka, yaani ukidai "kundi hili ni hai", mzigo unahamia upande wa pili, na sasa ni lazima ujibu kila shambulio.

Kutatua fumbo la kufa na kupona, kwa hiyo, si kuona hatua nzuri. Ni kuthibitisha kwamba kila mlango wa mpinzani umefungwa. Ndiyo maana mwalimu makini wa Go hamuulizi mwanafunzi "hatua ya kwanza ni ipi?" na kuridhika. Anachukua upande wa mpinzani, anaweka hatua ya ajabu ambayo mwanafunzi hakuitarajia, na kungoja.

Tofauti hiyo ya mzigo ina faida ya kihesabu. Chukua fumbo lenye hatua 6, kila mmoja akicheza mara 3, na kila zamu ikiwa na chaguo 5. Ukitaka kupitia kila kitu, njia ni 15,625. Ukitaka kuthibitisha, unahitaji chaguo moja tu kwa kila zamu ya mshambuliaji na chaguo zote 5 kwa kila zamu ya mtetezi: 5 mara 5 mara 5, njia 125. Kazi imepungua sana, kwa sharti kwamba hatua za mshambuliaji umezichagua vizuri. Ujuzi wa maumbo unasaidia hapo. Mchezaji mzoefu hapitii nukta zote. Anaona mara moja nukta mbili tatu zinazonukia, kwa sababu umbo la namna hiyo ameshakutana nalo, na nguvu zake zote anazimalizia kwenye majibu ya mpinzani.

Hiyo pia inajibu wanaodhani mafumbo haya ni ya watu waliozaliwa na vichwa vya hesabu. Sehemu kubwa ni kuzoea maumbo, na kuzoea kunakuja kwa kufumbua mafumbo mepesi mengi, si magumu machache. Kilichobaki ni uaminifu wa kutojidanganya: usiweke kete ya mpinzani mahali panapokupendeza wewe.

Ugumu halisi unatoka wapi, basi, kama mbinu ni hii hii? Kwanza, njia zinaongezeka haraka. Nukta 10 tupu zinaweza kujazwa kwa mpangilio wa aina 3,628,800, na hapo hatujahesabu kete zinazoliwa na kufungua nafasi upya. Kuna mafumbo mazima yaliyojengwa juu ya hilo: mtetezi anaacha kete zake nne ziliwe kwa makusudi, halafu anacheza tena mahali pale pale palipobaki wazi na kumkata aliyemla. Akili ya mtu inapata shida kuona kete ambazo bado hazijawekwa, lakini inapata shida zaidi kuona nafasi ambazo bado hazijafunguka.

Pili, kuna ko. Wakati mwingine pande mbili zinaweza kulana kete moja moja pale pale bila kikomo: wewe unaila yangu, mimi naila yako, ubao unarudi ulivyokuwa. Kanuni ya ko inakataza kurudisha hali hiyo papo hapo. Aliyeliwa lazima kwanza acheze kwingine, na kwa kawaida anachagua mahali penye tishio kubwa ili mpinzani alazimike kujibu, kisha ndipo arudi kula. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa si hai wala si mfu: uhai wake unategemea nani ana vitisho vingi zaidi sehemu nyingine za ubao. Mafumbo mengi magumu jibu lake sahihi ni ko, na mtu anayesaka kifo kamili ambacho hakipo atazunguka humo siku nzima. Kuna pia seki, ambapo makundi mawili yanayopingana yanaishi pamoja kwa kuwa atakayeanza kuziba pumzi za mwenzake anajiua mwenyewe. Kwa mshambuliaji, kuua bila masharti ndiko bora, kisha ko, na seki ni matokeo ya kukosa. Jibu la fumbo ni matokeo bora yanayopatikana pande zote mbili zikicheza vizuri kabisa.

Turudi kwa kompyuta, maana huko ndiko mkanganyiko ulikoanzia.

Mchezo kutatuliwa maana yake ni kile tulichokifanya kwa kete 7, lakini kwa ubao mzima tangu kete ya kwanza. Hilo limefanyika kwa mbao ndogo. Mwaka 2002 Erik van der Werf alionyesha kwa kompyuta kwamba kwenye ubao wa 5 kwa 5, nyeusi ikianza katikati inachukua ubao wote. Ubao kamili ni habari nyingine. Mwaka 2016 John Tromp alikamilisha hesabu ya mipangilio halali ya kete kwenye ubao wa 19 kwa 19, na jibu lake ni namba yenye tarakimu 171. Hakuna mashine itakayoipitia yote.

Kwa mafumbo yaliyofungwa pande zote, kompyuta zilipata nguvu ya uthibitisho mapema kuliko zilivyojua kucheza mchezo wenyewe. Programu ya GoTools ya Thomas Wolf ilikuwa ikitatua mafumbo ya kona kwa njia hii hii ya kufunga kila mlango, wakati programu za mchezo mzima zilikuwa bado zinafungwa na wachezaji wa kawaida. AlphaGo na zilizoifuata zilipita njia tofauti. Zina mtandao uliofunzwa kwa michezo mingi mno, unaoutazama ubao na kukadiria nani ana nafasi ya kushinda na hatua zipi zinafaa, kisha zinapekua mbele kidogo kwenye matawi yanayoonekana kuahidi. Ni makisio ya hali ya juu sana yanayosaidiwa na upekuzi. Kwa kushinda michezo yanatosha na kuzidi. Uthibitisho ni kitu kingine.

Pengo hilo lilionekana hadharani Februari 2023. Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa wa Marekani, alicheza michezo 15 dhidi ya KataGo, programu ya wazi yenye nguvu kuliko bingwa yeyote, akashinda 14. Hakuwa amezidi ujuzi wa mabingwa. Watafiti walikuwa wameunda programu ya kuitafutia KataGo udhaifu, ikaupata, na udhaifu wenyewe ulikuwa wa kufa na kupona. Unaiacha KataGo izingire kundi lako dogo kwa mnyororo mrefu wa kete uliojifunga kama duara. Wewe unauzingira mnyororo huo polepole kutoka nje, huku ukicheza hatua za hapa na pale kwenye kona nyingine. Mashine inaamini mnyororo wake uko salama, na inaendelea kuamini hivyo mpaka hatari iko mlangoni. Kundi zima linaliwa.

Anayeanza aliyefundishwa kuhesabu pumzi angeliona kundi hilo linakufa. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kilichotokea ni kwamba makisio ya mashine yalisema "hai", na pale makisio yanaposema jambo liko wazi, upekuzi hauendi huko. Mafunzo zaidi yameongezwa tangu wakati huo, yakiwemo ya kuonyesha mitego ya aina hiyo, na bado utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba kinga tatu tofauti zilizojaribiwa zilipenywa na washambuliaji waliofunzwa upya.

Lipo fumbo moja linaloonyesha upande wa pili wa jambo hili, yaani mashine na binadamu wakishikana mkono kuelekea kwenye hakika. Mwaka 1713 Inoue Dosetsu Inseki, mkuu wa nyumba ya Inoue, mojawapo ya shule nne kubwa za Go za Japani ya wakati ule, alikusanya mafumbo magumu kwa ajili ya wanafunzi wake. Mkusanyo huo unaitwa Igo Hatsuyoron. Fumbo lake la 120 limeenea ubao mzima: makundi makubwa yanashindana pumzi, kuna seki ya ajabu iliyojificha ndani, na hatua ya mapema kona moja inaamua hesabu ya mwisho kona nyingine. Mabingwa wa Japani walilichunguza, akiwemo Fujisawa Hideyuki aliyegundua ile seki. Wachezaji wa ridhaa wa Ulaya wakaliendeleza kwa miaka, tawi kwa tawi.

Mwaka 2019 David Wu, aliyeiunda KataGo, aliamua kuifunza programu yake kwa fumbo hilo moja tu, kwa sababu programu za kawaida zilikuwa haziioni njia yake hata kidogo. Maumbo yake ni ya nadra mno katika michezo ya kawaida, na kilichofunzwa kwa michezo ya kawaida hakina pa kuyajulia. Baada ya mafunzo hayo maalumu mashine ilianza kuziona hatua ambazo watu walikuwa wamezipata kwa jasho, na ikaongeza nyingine mpya. Waliobaki na kazi ya kuzipokea hatua hizo, kuzijaribu upande wa mtetezi na upande wa mshambuliaji, na kuuliza kila mara "na asipojibu hivyo?", ni binadamu wale wale waliolishughulikia tangu mwanzo, na kazi ya kulichambua haikuishia kwa mashine hiyo.